Pafu la Kulia la Mwalimu Mahfoudh

Jumamosi, 5 Septemba 1970. Sidab

Leo Muhsina kanipa kazi. Muhsina ni muuguzi katika zahanati ya daktari wa Kihindi kule Matrah, na ndiye anayekuja kumdunga Baba sindano. Kanambia niandike kila siku homa inapopanda, inapanda saa ngapi, na Baba kala nini. Nikamwuliza ya nini. Akasema, "Andika tu." Hivyo ndivyo anavyosema na watu, msichana wa miaka ishirini na nne ambaye hata hajaolewa. Anakuja peke yake kwa miguu, anavuka mlima na jua lote hili, na akishafika anatoa amri.

Basi nnaandika. Baba mkwe wangu, Mwalimu Mahfoudh, ana nimonia ya tatu mwaka huu. Ya kwanza ilikuwa Machi, ya pili Juni. Homa imepanda alasiri. Uji vijiko saba. Daftari ni nene na uji ni mchache, kwa hiyo kurasa zitakazobaki nitaandika yangu.

Jumapili, 6 Septemba

Homa alasiri. Kikohozi. Joto la kuchemka, hata paka kalala kajikunja kwenye mtungi wa maji.

Jumatano, 9 Septemba

Homa imeshuka. Sindano zimefanya kazi. Baba kaamka, kanyoa ndevu, kaniita, nikadhani anataka chai. Kumbe kaiona barua niliyomwandikia mume wangu Ishaq, niliyoiacha mezani. Kanionesha makosa mawili ya herufi, kisha kanirudishia. Miaka mitano nnampikia, nnamfulia, nnamkandia maji ya moto, na shukrani zake ni makosa mawili ya herufi.

Ishaq yuko Kuwait kazini mwaka wa nne sasa. Nyumba hii tumo wawili tu, mimi na Baba, na kila mmoja ana pembe yake.

Jumatatu, 14 Septemba

Hapana homa. Wamekuja mabwana wawili kutoka Matrah. Skuli mpya zinafunguliwa, na walimu hakuna. Mambo yamegeuka nchi hii ya Omani tangu Julai, aliposhika Sultani mpya. Kila wiki wanarudi watu kutoka Bahrain, kutoka Dar, kutoka Misri, na kila anayejua kusoma anatafutwa hadi nyumbani kwake. Baba alikuwa mwalimu mkuu Unguja miaka mingi, mpaka tulipotoka baada ya mapinduzi. Hapa miaka mitano alikuwa akiandikia watu barua tu. Leo wamemwomba asomeshe hesabu. Kawakubalia kwa sauti ya mtu ambaye alikuwa akiyangoja maneno hayo na hataki ijulikane. Walipoondoka, kakohoa mpaka kashika ukuta.

Kawaficha maradhi. Nilimwona akimeza kikohozi pamoja na kahawa.

Jumamosi, 19 Septemba

Homa imerudi. Siku kumi tu.

Alhamisi, 24 Septemba

Nimeona damu kwenye leso yake. Si nyingi, uzi mmoja mwekundu kwenye makohozi. Niliifua mwenyewe kabla jirani hajaiona uani, lakini nadhani nimechelewa. Wiki hii hapana sahani iliyokuja kwetu kutoka nyumba ya pili, na sahani yetu niliyopeleka imerudishwa mlangoni, haikupokewa ndani. Wanaona ni kifua kikuu. Siwalaumu, wana watoto wadogo. Lakini niliporudi nayo nilikaa jikoni nikalia.

Muhsina kanikuta hivyo. Kaichukua sahani, kakaa kitako sakafuni, kaula wali wote kwa mkono, kaosha sahani, kisha kaingia kumdunga Baba.

Ijumaa, 2 Oktoba

Homa kila jioni. Daktari kayapeleka makohozi yapimwe mara tatu, na mara zote tatu kifua kikuu hakikuonekana. Anasema ni nimonia kaidi na ameongeza dawa. Baba anakonda. Kanzu yake ya dishdasha mabegani imekuwa kama imetundikwa msumarini.

Anavuta sigara tangu ujana. Leo kanipa kopo lake la sigara, kanambia nilitupe mbali asilione. Nimelitupa baharini.

Jumanne, 6 Oktoba

Nnataka niiandike siku hii vizuri.

Muhsina kaja asubuhi. Kwanza kaliomba daftari hili. Niliona haya, maana yeye mwenyewe yumo humu na sikumsifu, lakini kafunua kwa haraka akitafuta siku za homa tu, au kajifanya hivyo. Kazihesabu. Kisha kaviangalia vidole vya Baba. Kaushika mkono wake kwa adabu, kama anayeshika mkono wa kumbusu, kakipindua kidole kimoja kimoja. Ncha zimevimba na kucha zimebinuka kama mgongo wa kijiko. Mimi nnamkatia kucha hizo kila Ijumaa na sikuona kitu.

Kamsikiliza kifua. Mbele, nyuma, kushoto, kulia. Karudi kulia, chini ya bega, kaweka hapo muda mrefu.

Nilipomtoa mpaka mlangoni nikamwuliza kaona nini. Kanambia kwamba Machi nimonia ilikuwa hapo, chini ya bega la kulia. Juni ilikuwa hapo. Septemba ilikuwa hapo, na sasa ipo hapo. Kila ikitolewa inarudi chumba kile kile.

"Bibi Kheiria," kanambia, "nimonia ya kawaida ikiondoka, imeondoka. Hii kuna kitu kinachoiita."

Kasema atamwambia daktari apigwe picha ya kifua katika hospitali iliyo na mashine. Nikamwambia daktari atakasirika, yeye ni muuguzi tu. Akasema, "Atakasirika siku mbili. Mimi nimeshazowea."

Jumatano, 7 Oktoba

Daktari kakasirika. Nimesikia kwa mke wa mwenye duka la mkate aliyekuwepo zahanati. Anasema Muhsina alisimama tu mikono nyuma, kamwacha daktari amalize, kisha kayarudia maneno yale yale, na tarehe za homa kaziandika kwenye karatasi.

Jumamosi, 10 Oktoba

Hakukasirika siku mbili, bali siku tatu. Leo kaja mwenyewe daktari mpaka Sidab, kavuka kwa mashua, suruali imeroa mpaka magotini. Kavitazama vidole. Kasikiliza bega. Kisha kamwambia Muhsina mbele yetu kwamba alikuwa na haki. Sijapata kuona mwanamume, tena daktari, akisema neno hilo bila ya kulitafuna.

Jumatano, 14 Oktoba

Picha imepigwa. Tumekwenda Matrah kwa gari ya kukodi kutoka Maskati. Baba kavaa kilemba chake kizuri, kana kwamba kifua hupigwa picha na kilemba.

Alhamisi, 15 Oktoba

Daktari katuita zahanati. Alitaka kusema na mimi peke yangu, katupa jicho la kuniashiria nitoke naye nje. Baba kaliona.

"Daktari," kamwambia, "nimesomesha miaka thalathini na mitatu. Mtoto aliyeshindwa mtihani nilimwambia yeye kwanza, ndipo nikamwambia baba yake. Niambie mimi."

Daktari kaketi. Kaiinua picha dirishani, na Muhsina akawa anatufasiria kwa Kiswahili. Pafu la kushoto jeusi, safi. Pafu la kulia chini lina weupe kama ukungu, na mwanzo wa weupe ule, karibu na moyo, pana donge. Daktari kasema falaj, mfereji wa maji ya shamba, ikizibwa na jiwe, maji yaliyo nyuma yake hayapiti, hukaa yakanuka. Donge limeziba njia ya pumzi, na kila kinachokaa nyuma yake kinaoza na kuwa nimonia. "Mimi nilikuwa nnasafisha maji," kasema, "na jiwe nimeliacha."

Baba kauliza donge la nini. Muhsina hakungoja kumfasiria daktari. Kamjibu mwenyewe, taratibu, akimtazama usoni. "Tunakhofia ni saratani, Mwalimu. Uhakika utapatikana Bombay. Huko wana bomba lenye taa, hulipitisha kooni wakaona."

Baba kaitazama picha mwenyewe. Kisha kauliza kama inatibika. Daktari kasema ikiwa haijatambaa, kuna mabingwa wanaokata kile kipande kilichoharibika, na mtu akaishi kwa kilichobaki. Ikiwa imetambaa, hapana la kukata.

"Basi ni mtihani wenye majibu mawili," Baba kasema. Kawashukuru wote wawili. Njiani mpaka Maskati mimi nilikuwa nnatazama milima tu, na milima siioni.

Ijumaa, 16 Oktoba

Homa. Uji vijiko vitatu.

Jumatatu, 19 Oktoba

Baba kaniita, kanambia nilete daftari jipya na kalamu. Nikadhani wasia. Kanambia skuli itafunguliwa na yeye hatokuwepo, na kwamba upande wa wasichana hawana mwalimu wa hesabu hata mmoja. Kisha kasema, "Wewe ulimaliza darasa la nane. Mkono wako wa maandishi ni mzuri. Nimekuwa nikiutazama miaka mitano."

Kumbe alikuwa akiutazama.

Nikamwambia Kiarabu changu ni cha sokoni, sitaweza kusomesha. Akasema atanifundisha maneno ya hesabu, hayazidi mia moja, na namba hazina lahaja. Tumeanza leo leo. Kulala kalala ubavu, pumzi zinamkatika, na nikikosea ananirudisha mwanzo. Nilipopata jumla ya mwisho, kasema, "Ahsante, Kheiria."

Nimekwenda kuoka mkate na nimeuunguza.

Ijumaa, 23 Oktoba

Maneno sitini na mawili. Baba kalala akinisomesha, sentensi haikwisha.

Jumamosi, 24 Oktoba

Kuna jambo sikulijua, na sasa nimelijua.

Muhsina kaja na sindano. Baba kamwambia akae kwanza. Kamwuliza kama yeye ni binti wa Bakhit. Akasema ndiye. Bakhit alikuwa tarishi wa skuli ya Baba kule Unguja. Alikuwa akigonga kengele, akipeleka barua, akichemsha chai ya walimu.

Baba akasema, na alisema mbele yangu makusudi, kwamba mwaka hamsini na tisa Bakhit alimjia ofisini kuomba barua ya kumuingiza binti yake kwenye masomo ya mbele. Binti alikuwa wa kwanza darasani kwao. Na yeye, Mwalimu Mahfoudh, alimjibu kwamba binti wa tarishi inamtosha cherehani. Barua hakuiandika.

"Nimekukosea," kasema. "Nimekukosea wewe na nimemkosea baba yako, na yeye hayupo nikamwomba radhi."

Muhsina alikuwa akivunja shingo ya chupa ndogo ya dawa. Hakuacha. Kavuta dawa kwenye sindano, kaitazama mwangani, kaigonga kwa ukucha. Kisha kasema, "Nnakumbuka, Mwalimu. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango. Baba yangu aliniambia umesema utafikiri."

Halafu katuhadithia. Baba yake alikufa Dar es Salaam mwaka sitini na sita. Alikuwa na nimonia. Walimtibu ikapona, ikarudi, ikapona, ikarudi, mara nne. Yeye alikuwa ndiyo kwanza kaanza uuguzi, akiandika joto la baba yake kwenye kadi kila siku, na hakujua anaandika nini. Ya tano ikamchukua. Mwaka uliofuata, darasani, mwalimu wao mmoja akawaeleza juu ya nimonia inayorudi pahala pale pale, na vidole vinavyovimba ncha. Akakumbuka vidole vya Bakhit kwenye kengele.

"Tangu hapo kila mgonjwa wa kifua nnamtazama vidole," kasema. "Wa kwanza kumwona navyo ni wewe."

Kamdunga. Kampangusa. Kavirudisha vitu vyake mkobani na kuondoka, maana alikuwa na wagonjwa wawili Maskati kabla ya adhuhuri. Mimi nilimtazama akipanda mlima mpaka kitambaa chake cheupe cha uuguzi hakionekani tena. Nimerudi nyuma nikasoma niliyoyaandika juu yake tarehe tano Septemba. Nimetaka kuukata ukurasa ule. Nimeuacha, nijue nilivyokuwa.

Jumatano, 28 Oktoba

Ishaq kafika kutoka Kuwait. Kaota mvi. Kamwona baba yake, katoka uani, kakaa kwenye ngazi, na mimi nikakaa naye.

Ijumaa, 30 Oktoba

Wameondoka na meli ya Bombay. Baba kashushwa mashuani kwa kiti. Alinambia maneno matatu tu, "Kugawa kwa mafungu," maana ndipo tulipofika.

Jumapili, 1 Novemba

Ramadhani. Mfungo wa kwanza katika maisha yangu kufuturu peke yangu. Kabla ya adhana mlango umegongwa: jirani wa nyumba ya pili, na bakuli la harisi. Kasimama kizingitini. Muhsina alikwenda kwao jana, nyumba kwa nyumba, kuwaeleza kuwa maradhi ya Mwalimu hayaambukizi. Nimemkaribisha ndani, na tumefuturu pamoja.

Jumatatu, 9 Novemba

Nimesomesha. Wasichana thelathini na mmoja, wengine wana miaka saba na mmoja ana kumi na sita na vinyweleo vya kidevuni kidogo, Mungu amhifadhi, na ndiye mwenye akili kuliko wote. Madawati hayajafika, wamekaa mkekani. Nimekosea neno moja la Kiarabu na wakacheka, na mimi nikacheka. Maneno ya Baba yamenitosha, yote mia moja.

Jumanne, 10 Novemba

Barua ya Ishaq. Bomba lenye taa wamelipitisha, donge wameliona, kipande wamekikata wakakipima. Ni saratani. Watampasua wiki ijayo.

Jumatatu, 16 Novemba

Kesho.

Jumanne, 17 Novemba

Nimesomesha kutoa kwa kukopa. Sikumbuki nilisema nini. Baada ya skuli nimekwenda zahanati, maana simu za upepo za Ishaq, yaani telegramu, zinapitia huko. Hapana kitu. Muhsina kanikalisha nimkunjie bandeji, nimekunja kikapu kizima. Daktari kapita mara tatu kuuliza na yeye.

Jumatano, 18 Novemba

Simu ya upepo imefika saa nne ya asubuhi. Muhsina kaja nayo mwenyewe mpaka skuli, kasimama mlangoni mwa darasa. Hakuwa na uso wa kusomeka. Kanipa karatasi niisome kwa macho yangu. Ishaq kaandika: KIPANDE KIMETOLEWA. HAIJATAMBAA KWA WALIVYOONA. BABA KAOMBA MAJI.

Nimewaambia wasichana wanakili ubaoni, nikatoka nje. Muhsina alikuwa kageukia ukuta, mabega yanamtetema. Sijapata kumwona hivyo. Nilimshika, nikamwita mdogo wangu, na hakukataa. Alisema neno moja tu, "Maji." Nikafahamu. Mtu anayeomba maji yu hai.

Jumanne, 1 Desemba

Idi. Nimepika sahani saba, zote saba zimetoka na zote saba zimerudi zimejaa. Muhsina kashinda kwetu na kalala mchana mzima kwenye kitanda changu, viatu bado miguuni.

Jumamosi, 12 Desemba

Mvua ya kwanza. Wadi imeshuka, bonde kavu limejaa maji, njia ya Maskati imekatika. Wasichana kumi na wawili wamefika hivyo hivyo, buibui za mama zao kichwani.

Jumamosi, 19 Desemba

Baba karudi. Kasinyaa, na kovu linamzunguka kutoka kifuani mpaka mgongoni. Akipanda ngazi anasimama kila ya tatu. Lakini homa hana, na rangi yake si ile ya majivu.

Kaja na barua ya bingwa wa Bombay. Muhsina kaisoma na kutueleza bila ya kuipamba. Wamekata theluthi ya chini ya pafu la kulia. Tezi walizozitoa zilikuwa safi. Lakini maradhi haya yana tabia ya kujificha, na wengine hurudiwa. Apigwe picha kila baada ya miezi mitatu. Hapana anayeweza kuahidi.

Ishaq kauliza mwaka? Miaka mitano? Muhsina kasema, "Sijui, kaka Ishaq. Ningejua ningesema." Na sote tulimwamini, kwa kuwa ni yeye.

Jumanne, 22 Desemba

Baba kenda zahanati mwenyewe, na Ishaq kamshika mkono. Kamwambia daktari kwamba waganga wenye elimu kaonana nao wengi, lakini aliyemsikiliza aliye chini yake kamwona mmoja. Daktari katia sukari nyingi mno kwenye chai ya Baba, kwa haya.

Jumatano, 30 Desemba

Asubuhi ya baridi. Baba kaomba meza iwekwe uani penye jua. Kakaa tangu saa mbili na rula na karatasi kubwa, anapanga masomo ya hesabu ya mwaka ujao, ya wavulana na ya wasichana, na wiki zote kazipiga mistari. Nilipomletea kahawa nikasimama nyuma yake kusoma.

Muhula wa kwanza: kugawa, sehemu, vipimo. Muhula wa pili: desimali, eneo, riba. Pembeni pana safu ya jina la mwalimu. Muhula wa kwanza kaandika kwa wino jina langu upande wa wasichana, na lake upande wa wavulana. Muhula wa pili, upande wa wasichana jina langu lipo kwa wino. Upande wa wavulana lipo lake, kwa kalamu ya risasi.

Kaona nimepaona.

"Ya risasi hufutika," kasema. "Ikifika Aprili na mimi nipo, utanipa wino."

Kisha kanambia nikae, maana katika riba nna udhaifu, na jua la uani limebaki la saa moja tu.